Usahihi wa rada kwenye gari linalojiendesha: mahali hitilafu zinapojificha

Mtu anayetaka rada ya gari ipime umbali na kasi kwa usahihi zaidi huwaza kwanza kuongeza upana wa bendi, au kununua chipu mpya yenye antena nyingi. Mara nyingine hilo ndilo jibu. Ila mara nyingi rada aliyo nayo ina uwezo wa kupima kwa sentimita chache, na usahihi huo unapotelea njiani: kwenye alama ya muda iliyobandikwa kwa kuchelewa, kwenye bampa lililopakwa rangi mara ya pili, kwenye kishikizo kilichopinda digrii moja, au kwenye dhana kwamba gari la mbele ni nukta moja. Hitilafu hizi ndizo zinazoamua kama breki zitashikwa kwa wakati, ndiyo maana zinastahili kufuatwa moja moja, kuanzia kwenye wimbi hadi kwenye programu inayotoa uamuzi.

Kabla ya kugusa chochote, tenganisha hitilafu za aina mbili. Weka kiakisi cha chuma mahali palipotulia, pima umbali wake kwa mita ya leza, kisha rekodi fremu elfu moja (fremu ni kipimo kimoja kamili cha rada) bila kusogeza kitu. Wastani wa vipimo ukitofautiana na leza, hiyo ni hitilafu ya kudumu. Vipimo vikitawanyika kuuzunguka wastani, hiyo ni kelele. Kelele hupungua ukijumlisha vipimo vingi; hitilafu ya kudumu haipungui hata ukijumlisha milioni. Timu nyingi hupoteza miezi hapa, zikichuja na kulainisha data ambayo tatizo lake ni kwamba imesogea mahali pamoja, yote kwa pamoja.

Mpando wa masafa

Rada za magari za leo hufanya kazi kwa sehemu kubwa kati ya gigahezi 76 na 81. Hutuma wimbi ambalo masafa yake hupanda kwa mstari ulionyooka kwa mikrosekunde chache, kisha hushuka na kuanza tena. Kila upandaji mmoja nitauita mpando. Mwangwi unaporudi hukuta masafa yanayotumwa yameshapanda juu zaidi, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo inayobeba umbali: kitu kikiwa mbali zaidi, tofauti inakuwa kubwa zaidi.

Tuchukue mpangilio mmoja na tukae nao hadi mwisho. Masafa yanapanda megahezi 15 kwa kila mikrosekunde, na sampuli zinachukuliwa kwa mikrosekunde 20. Upana wa bendi unaotumika ni megahezi 300. Gawanya mwendo wa mwanga kwa mara mbili ya upana huo, unapata mita 0.5. Kwa sampuli changamano (kila moja ikiwa jozi ya namba) milioni 25.6 kwa sekunde, kila mpando unatoa sampuli 512, yaani vipande 512 vya nusu mita, hadi mita 256. Gari lililo mita 250 mbele litatoa tofauti ya megahezi 25. Kumbuka kwamba upana unaohesabika ni ule wa kipindi cha sampuli tu. Masafa huanza kupanda kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa, na sehemu hiyo ya mwanzo haiingii kwenye hesabu.

Hiyo nusu mita husomwa na wengi kama usahihi wa rada. Sivyo. Nusu mita ni uwezo wa kutenganisha: pikipiki na lori vikiwa kwenye mwelekeo mmoja, vina kasi sawa na vimeachana kwa chini ya hapo, rada itaviona kama kitu kimoja. Usahihi ni suala jingine, kwamba kitu kimoja kinachojitegemea kinaweza kuwekwa mahali pake kwa kiasi gani. Ishara ikiwa juu ya kelele kwa desibeli 20 baada ya kuchakatwa, kikomo cha kinadharia ni takriban asilimia 4 ya kipande, yaani sentimita 2. Hakuna haja ya bendi mpya kuufikia usahihi wa aina hiyo. Kinachohitajika ni kutoridhika na namba ya kipande chenye kilele kirefu zaidi.

Njia rahisi ni kupitisha mkunjo wa parabola kwenye nukta tatu. Chukua nguvu ya kipande cha kilele na vile viwili vilivyo kando yake, zote kwa desibeli. Tuseme cha kushoto kina 40, cha kati 46, cha kulia 43. Toa cha kulia kutoka cha kushoto, gawanya kwa mbili: unapata hasi 1.5. Kisha jumlisha cha kushoto na cha kulia, toa cha kati mara mbili: unapata hasi 9. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, jibu ni 0.167. Kitu kiko mbele ya katikati ya kipande kwa sehemu 0.167 ya nusu mita, yaani sentimita 8 na kidogo. Hesabu tatu tu, na hitilafu ambayo ingeweza kufika sentimita 25 imeshuka hadi sentimita chache.

Kuongeza sufuri mwishoni mwa sampuli kabla ya FFT, yaani hesabu inayochambua sampuli kuwa masafa yake, kunafanya mchoro uonekane laini na kusaidia kidogo kukipata kilele, lakini hakuongezi uwezo wa kutenganisha hata kidogo. Kinacholeta tofauti kubwa zaidi ni dirisha unalozidisha nalo sampuli, yaani uzito unaofifisha sampuli za mwanzo na za mwisho. Bila dirisha, kila kilele kinazaa vilima pembeni vilivyo chini yake kwa desibeli 13 tu. Lori lililo mita 40 litamfunika kabisa mtu anayetembea mita 43. Dirisha la Hann linashusha vilima hivyo hadi desibeli 31, la Hamming karibu 43, la Blackman 58. Gharama yake ni kilele kunenepa, na kwa Hann unene huo ni kama mara moja na nusu. Kwa gari la barabarani ningechagua Hann au Hamming kwenye umbali bila kusita, kwa sababu kumkosa mtu aliye kando ya lori ni hatari kubwa kuliko kupoteza sentimita kadhaa.

Mpando wenyewe una udhaifu wake. Mzunguko unaouzalisha unahitaji mikrosekunde chache ili utulie baada ya kurudi chini, na sampuli zilizochukuliwa mapema mno zinanenepesha vilele. Kilele cha kitu cha mbali kikionekana kipana kuliko cha karibu, shuku mpando usionyooka, maana athari yake hukua na umbali. Mwinamo wa mpando ukikosewa kwa asilimia 0.1, kitu cha mita 200 kitasomwa kikiwa na kosa la sentimita 20. Kristali ya saa, kwa upande mwingine, hulaumiwa bure: ikikosea kwa sehemu 20 katika milioni, kwenye mita 200 ni milimita 4.

Halafu kuna sheria ambayo hakuna chipu inayoikwepa. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya mwangwi hupungua mara 16, yaani desibeli 12, na kelele ya kipimo huongezeka mara 4. Sentimita 2 kwenye mita 60 zitakuwa sentimita 8 kwenye mita 120. Kwa hiyo namba ya usahihi isiyotajiwa umbali na ukubwa wa shabaha haina maana. Mtu huakisi kama kitu cha mita moja ya mraba au chini yake, gari dogo kama mita 10 za mraba, lori zaidi ya hapo.

Kasi, na mtego wa kujizungusha

Kasi haipimwi kwa kulinganisha umbali wa fremu mbili, ingawa wanaoanza hujaribu hivyo. Ikiwa umbali una kelele ya sentimita 10 na fremu zinakuja mara 20 kwa sekunde, kasi inayopatikana kwa kutoa na kugawanya itakuwa na kelele ya karibu mita 2.8 kwa sekunde. Haifai. Rada hutazama fezi ya mwangwi, yaani wimbi limefika wapi kwenye mzunguko wake, kutoka mpando mmoja hadi mwingine. Kwenye gigahezi 77 urefu wa wimbi ni milimita 3.9, na kwa kuwa wimbi linakwenda na kurudi, kitu kikisogea nusu ya hapo fezi inakamilisha mzunguko mzima. Ndiyo maana rada huona mwendo wa sehemu ya milimita ndani ya fremu moja.

Mpando wetu una mikrosekunde 20 za sampuli. Ongeza 8 za kutulia na kurudi chini, jumla ni 28. Gawanya urefu wa wimbi kwa mara nne ya muda huo, unapata mita 34.8 kwa sekunde, kama kilomita 125 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi kubwa kabisa ambayo rada inaweza kuisoma bila utata, iwe ya kukaribia au ya kuachana. Kwa mipando 512 fremu hudumu milisekunde 14.3, na uwezo wa kutenganisha kasi ni mita 0.136 kwa sekunde. Ukirefusha fremu, kasi inatengana vizuri zaidi. Ukifupisha muda kati ya mipando, kikomo cha juu kinapanda.

Shida ni kwamba magari mawili yanayokutana, kila moja likienda kilomita 90 kwa saa, yanakaribiana kwa mita 50 kwa sekunde, na hiyo imepita kikomo. Fezi inajizungusha na rada inasoma mita 19.6 kwa sekunde za kuachana: gari linalokuja kwa kasi linaonekana linakimbia. Dawa yake ni kutuma kundi la pili la mipando yenye muda tofauti, tuseme mikrosekunde 32. Kundi la kwanza hujirudia kila mita 69.6 kwa sekunde, la pili kila 60.9. La kwanza linasema hasi 19.6 au chanya 50; la pili linasema hasi 10.9 au chanya 50. Jibu linalokubaliwa na yote mawili ni 50. Chagua nyakati ambazo majibu yake hayagongani mapema, na kila mara ruhusu tofauti ndogo kati ya makundi, angalau ukubwa wa kipande kimoja cha kasi, la sivyo utakataa majibu sahihi kwa sababu ya kelele.

Antena nyingi zinazotuma kwa zamu huukaza mtego huu. Antena 3 zikipokezana, kila moja inatuma mara moja kwa kila mipando 3, na kikomo cha mita 34.8 kinashuka hadi 11.6, kilomita 42 kwa saa tu. Zaidi ya hapo, kitu kinasogea kati ya zamu, na mabadiliko hayo ya fezi huchanganyikana na tofauti za fezi kati ya antena, ambazo ndizo zinazobeba pembe. Ukikosea kuifumbua kasi, unaharibu na pembe: gari la leni yako linahamia leni ya jirani. Kwa hiyo kasi ifumbuliwe kwanza, fezi ya kila antena irekebishwe kwa kasi hiyo, ndipo pembe ihesabiwe. Nimeona maelezo mengi yanayoanza na pembe kwa sababu hesabu yake inavutia zaidi. Mpangilio huo unatoa matokeo mazuri kwenye maegesho na mabaya kwenye barabara kuu.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba rada hupima kasi ya kukaribia au kuachana kwenye mstari wa macho tu. Gari lililo leni ya pembeni, mita 3.5 kando na mita 20 mbele, linaonyesha asilimia 98.5 ya tofauti yake halisi ya kasi. Likifika mita 5 mbele linaonyesha asilimia 82. Likikatiza mbele yako kwa pembe mraba linaonyesha sufuri. Kichujio kisichojua hilo hudhani gari la jirani limebadili mwendo wakati linakwenda vilevile.

Umbali na kasi huchafuana

Kitu kinachosogea hubadilisha masafa ya mwangwi, na badiliko hilo linaingia moja kwa moja kwenye ile tofauti inayosomwa kama umbali. Kwa mpando unaopanda, kitu kinachokuja husomwa karibu kuliko kilipo. Kiasi chake ni masafa ya rada mara kasi, gawanya kwa mwinamo wa mpando. Kwa mpangilio wetu, gari linalokuja kwa mita 30 kwa sekunde linasogezwa sentimita 15. Hii ni hitilafu ya kudumu inayorekebishika kabisa, kwa sababu kasi tunayo. Mstari mmoja wa programu unatosha. Lakini lazima itumike kasi iliyokwisha kufumbuliwa. Ukitumia ile iliyojizungusha, unasahihisha kwa upande usio wake.

Pia, ndani ya milisekunde 14.3 gari hilo linasogea sentimita 43. Kwa vipande vya nusu mita bado linakaa karibu ndani ya kipande kimoja. Lakini mtu akipandisha bendi hadi gigahezi 1, vipande vinakuwa vya sentimita 15, na gari linapita karibu vipande vitatu kabla fremu haijaisha. Kilele kinatawanyika, nguvu inapungua, umbali na kasi vyote vinakuwa na ukungu. Huu ndio mfano mzuri wa jinsi bendi kubwa inavyoweza kupunguza usahihi. Ama fremu ifupishwe, ama sampuli zinyooshwe upya kulingana na masafa ya kila sampuli kabla ya FFT ya pili, ile inayotoa kasi. Njia hiyo ni nzito kwa prosesa lakini inarudisha kilele mahali pamoja.

Kusawazisha kwa kiakisi

Kiakisi cha pembe tatu, yaani bati tatu zilizokutana kwa pembe mraba, ndicho chombo chenye thamani kuliko vyote katika kazi hii. Chenye ukingo wa sentimita 10 kinaakisi kwenye gigahezi 77 kama kitu cha mita 27 za mraba, zaidi ya gari dogo, na kinarudisha wimbi kutoka nukta moja inayojulikana. Kiweke mita 5, 10, 20, 40 na 80. Usikikaribishe chini ya mita 5, kwa sababu wimbi bado halijanyooka na fezi inadanganya. Kishikie kwa povu au kijiti chembamba cha mbao. Stendi ya chuma ina mwangwi wake na itavuta kilele.

Kwa kila umbali rekodi fremu mia kadhaa, toa wastani, kisha chora kipimo cha rada dhidi ya kipimo cha leza na upitishe mstari. Mahali mstari unapokata mhimili ni ucheleweshaji wa waya za antena na vichujio vya ndani: hitilafu ileile kwa umbali wote, unaitoa mara moja. Mwinamo wa mstari ukiwa 1.001 badala ya 1, mpando wako umekosewa kwa asilimia 0.1. Hizi ni hitilafu mbili tofauti zenye tiba tofauti, na huwezi kuzitenganisha kwa kipimo cha umbali mmoja, hata ukikirudia siku nzima.

Nukta moja ikitoka nje ya mstari, usikimbilie kuifuta. Wimbi linalodunda kwenye lami hukutana na lile la moja kwa moja; kwenye urefu fulani yanaongezeana na kwenye mwingine yanafutana. Pandisha kiakisi sentimita 10, pima tena, shusha 10, pima tena. Ikiwa nguvu inaruka desibeli nyingi, ni lami. Rudia zoezi zima rada ikiwa imetoka kuwashwa na baada ya nusu saa ikiwa imepata moto, kwa sababu fezi ya kila njia ya antena hubadilika na joto.

Bampa, maji na kishikizo

Rada hukaa nyuma ya plastiki, na plastiki hiyo ni sehemu ya rada. Unene unaopitisha wimbi vizuri ni nusu ya urefu wa wimbi ndani ya plastiki, au mara kamili za hapo. Kwa plastiki ambayo kigezo chake cha umeme ni 2.6, nusu hiyo ni milimita 1.2, na bampa la milimita 2.4 linapitisha vizuri. La milimita 3 linarudisha sehemu ya wimbi nyuma, kwenye rada yenyewe, na kuzaa mwangwi bandia wa karibu sana pamoja na kupindisha pembe. Rangi yenye chembe za metali inaongeza tatizo, na safu ya pili ya rangi au pachiko baada ya ajali ndogo inaweza kuharibu kabisa usawazishaji uliofanywa kiwandani. Kwa hiyo fezi za antena zipimwe bampa likiwa limefungwa, na zipimwe tena kila bampa linapobadilishwa au kupakwa.

Mvua yenyewe haitishi kama inavyodhaniwa. Mvua kubwa ya milimita 25 kwa saa inapunguza takriban desibeli 10 kwa kilomita, kwa hiyo kwenda na kurudi mita 200 ni kama desibeli 4. Kinachoumiza ni utando wa maji juu ya bampa lenyewe, au theluji iliyoanza kuyeyuka. Rada nzuri hufuatilia kiwango cha kelele na nguvu ya mwangwi wa barabara, na hukiri kwamba imezibwa badala ya kuendelea kutoa orodha tupu inayosomeka kama barabara nyeupe.

Kishikizo kikipinda digrii moja, kitu cha mita 100 kinasogea pembeni mita 1.75, nusu ya leni. Kwa rada ya mbele kasi haiathiriki sana. Kwa rada ya kona iliyoelekezwa digrii 45 hali ni tofauti: gari likienda mita 30 kwa sekunde, ukuta uliosimama utaonekana unatembea kwa mita 0.37 kwa sekunde, karibu vipande vitatu vya kasi. Ndipo vyuma vya kingo za barabara vinapoanza kuonekana kama msafara wa vitu vinavyotembea polepole.

Habari njema ni kwamba vitu vilivyosimama vinaweza kuisahihisha rada wakati gari linaendelea na safari. Kasi ya kila kitu kilichosimama inafuata kosaini ya pembe yake. Kusanya vipimo vya fremu moja, chagua kwa kubahatisha jozi za nukta, tafuta kasi ya gari na kosa la pembe vinavyokubaliwa na nukta nyingi zaidi, tupa zilizobaki kwa kuwa ndizo zinazotembea. Rudia kwa dakika kadhaa za mwendo ulionyooka na ulainishe polepole sana. Njia hii ni bora kuliko kutegemea magurudumu kupima kasi ya gari: tairi jipya lenye meno ya milimita 8 likilika hadi 1.6, nusukipenyo chake kinapungua karibu asilimia 2, na kwa mita 30 kwa sekunde hilo ni kosa la mita 0.6.

Gari si nukta

Baada ya yote hayo, kosa kubwa zaidi linaweza kubaki pale pale: mwangwi wa gari hautoki mahali pamoja. Unatoka kwenye kibao cha namba, kwenye kona za bampa, kwenye matao ya magurudumu, kwenye ekseli ya nyuma iliyoonekana kwa chini baada ya wimbi kudunda kwenye lami. Pembe ikibadilika kidogo, sehemu yenye nguvu zaidi inahama kutoka bampa hadi ekseli, na umbali unaruka mita nzima wakati gari halijaongeza wala kupunguza mwendo. Kwa trela la juu ni mbaya zaidi. Hakuna bendi inayoondoa hili. Ukiwa na bendi ndogo sehemu hizo huchanganyika kuwa kilele kimoja kinachoyumba. Ukiwa na bendi kubwa unaziona mojamoja, na hapo ndipo bendi inapostahili gharama yake, kwa sharti kwamba programu inayofuata inajua kuzikusanya na kuchukua ukingo wa karibu kama mwisho wa gari.

Magurudumu nayo yana mwendo wao. Sehemu ya juu ya gurudumu inakwenda mbele mara mbili ya kasi ya gari, ile inayogusa lami imesimama. Kwa hiyo gari moja linatapakaa kwenye kasi kuanzia sufuri hadi mara mbili ya mwendo wake. Kasi ya gari ni ile ya kilele cha bodi, kilicho kirefu na chembamba katikati ya mtapakao huo. Ukitoa wastani wa nukta zote bila kuzipima uzito, kasi inayumba kila gurudumu linapojitokeza.

Kuhusu rada za magari mengine niseme kwa ufupi: mpando wa mwingine ukikatiza wako, unaacha mshtuko wa mikrosekunde chache ndani ya sampuli. Utafute kabla ya FFT, ufute sampuli hizo na ujaze pengo kwa makisio kutoka pande zote mbili. Ukiuacha, kelele inapanda kwenye vipande vyote na wa kwanza kupotea ni mtembea kwa miguu. Badilisha pia kwa kubahatisha muda wa kuanza fremu na masafa ya mwanzo, ili mgongano usijirudie mahali pamoja.

Muda, na jaribio la mwisho

Kichujio cha Kalman, yaani hesabu inayounganisha vipimo vya mfululizo ili kukisia mahali na mwendo wa kitu, kipewe umbali, pembe na kasi kama vilivyopimwa, kila kimoja na kiwango chake halisi cha hitilafu. Kosa la kawaida ni kukiambia kichujio kwamba umbali una kelele ya sentimita 2, kwa sababu hivyo ndivyo kiakisi kilivyoonyesha. Kwa gari halisi kiambie nusu mita au zaidi, kutokana na mwangwi unaohama, na kiache kiamini kasi zaidi. Matokeo yanatulia mara moja.

Alama ya muda iwe ya katikati ya fremu, si ya wakati ujumbe ulipofika kwenye kompyuta. Uchakataji na mtandao wa ndani ya gari vinaweza kula milisekunde 50, na kwa kukaribiana kwa mita 30 kwa sekunde hiyo ni mita 1.5, kosa linalozidi kila kitu kilichotajwa kwenye mpando. Saa za rada, kamera na kompyuta ziende pamoja kwa itifaki ya kusawazisha muda kwenye Ethaneti ya gari.

Kulihakikisha hilo kunahitaji magari mawili yenye vipokezi vya setilaiti vya RTK, vinavyotoa mahali kwa sentimita chache, na uwanja mrefu. Endesha kuelekeana na kuachana kwa kasi mbalimbali, kisha chora kosa la umbali dhidi ya kasi ya kukaribiana. Mstari ukiwa mlalo, muda uko sawa. Ukiinama, mwinamo wake ni sekunde: kosa la mita 0.6 kwenye mita 30 kwa sekunde ni milisekunde 20 za kuchelewa. Hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Ule uchafuzi wa kasi kwenye umbali nao hukua sambamba na kasi. Kwa mpangilio wetu ni sawa na milisekunde 5.1, na kwa mpando unaopanda unavuta upande wa pili, kana kwamba rada imeona mbele ya wakati. Kuchelewa kwa milisekunde 5 na uchafuzi usiosahihishwa vinaweza kufutana, mstari ukatoka mlalo, na hitilafu zote mbili zikabaki ndani. Rudia jaribio kwa mwinamo wa mpando wa megahezi 30 kwa mikrosekunde, ukipunguza muda wa sampuli kwa nusu. Uchafuzi utashuka hadi milisekunde 2.6, kuchelewa hakutabadilika, na mstari utainama.